Haki ya Mwenye Maumivu ya Siku Nyingi



Ndugu zetu Waislamu, somo letu la safari hii lahusu watu walio katikati yetu nasi hatuwaoni. Hatukusudii waliokufa wala waliosafiri. Twakusudia wale walio ghorofani, katika nyumba za Ndia Kuu, Kibokoni, Kuze na kwingineko katika Mji wa Kale, ambao ugonjwa wao hauwaui wala hauwaachi: mwenye mgongo usiomuwezesha kushuka ngazi, mwenye baridi yabisi iliyomkunja vidole, kijana ambaye mifupa humuuma leo na kesho ikanyamaza. Sauti ya adhana wanaisikia kutoka misikiti mitatu au minne kwa pamoja. Sauti za watu barazani wanazisikia pia. Lakini hodi katika mlango wao haisikiki.

Kila mtu katika mji huu ajua kwamba kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe. Katika hadithi ya Abu Huraira R.A., iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume S.A.W. alizitaja haki tano: kujibu salamu, kumzuru mgonjwa, kufuata jeneza, kuitikia mwaliko, na kumuombea rehema mwenye kupiga chafya. Katika hizo, haki ya jeneza watu wa Mombasa huitimiza vizuri sana. Akifa mtu, habari huenea kabla hajakoshwa, na njia nyembamba zisizopita gari hujaa watu wanaopokezana jeneza mabegani. Haki ya mgonjwa nayo hutimizwa, lakini kwa wiki ya kwanza tu. Mtu akipasuliwa, au akishikwa na homa kali, ngazi yake haina nafasi kwa wenye kupanda na kushuka. Mwezi wa pili wamebaki jamaa. Mwaka wa pili amebaki mkewe, au binti yake, na pengine hata huyo amechoka.

Huenda mtu akasema: maradhi makubwa ndiyo yenye haki ya kuzuriwa, si maumivu ya goti. Jawabu lake limo katika Sunan ya Abu Daud, ambamo Zaid bin Arqam R.A. asimulia kwamba Mtume S.A.W. alikwenda kumzuru kwa ajili ya maumivu ya macho yaliyompata. Maumivu ya macho hayamuui mtu. Basi haki hii haikufungwa kwa mauti, bali imefungwa kwa uchungu anaouona mtu. Na matabibu wa leo nao wamefikia karibu ya hapo. Maumivu yakipita miezi mitatu huyaita sugu, na orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 yakubali kwamba maumivu sugu yaweza kuwa ugonjwa kwa nafsi yake, hata pale jeraha la kwanza lilipokwisha kupona. Kwa hivyo anayemwambia mwenziwe, “Picha imetoka safi, huna kitu wewe,” hakumpa habari njema. Amemwambia kwamba hasadiki.

Na kutosadikiwa ndiko kunakomtoa mtu huyu katika watu, pengine zaidi ya maumivu yenyewe. Tuchukue mfano wa ugonjwa wa selimundu, ambao wengi hapa huuita sikoseli. Ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo asili yake ni za mviringo na laini, hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapokuja maumivu ya mifupa, ya kifua na ya mgongo. Baridi huyachochea, na kiu, na uchovu, na homa. Umekuwa mwingi katika pwani yetu kwa sababu nchi hii ni ya malaria, na aliyerithi asili yake kwa mzazi mmoja tu hapati ugonjwa, bali hukingwa na malaria kali. Utafiti uliofanywa hapo Kilifi ni miongoni mwa zilizolithibitisha jambo hili. Lakini anayerithi kwa wazazi wawili ndiye mwenye kuumia. Basi si laana, si jini, wala si hasadi ya jirani. (Kupima damu kabla ya nikaha, hususan kwa watoto wa ami na wa mjomba, ni jambo linalotaka somo lake peke yake.)

Sasa mtazame kijana mwenye ugonjwa huo. Jumatatu yuko barazani acheka na wenziwe. Jumatano hawezi kuinuka kitandani. Watu husema: “Juzi tulimuona mzima, huyu ni mvivu.” Akiomba dawa yenye nguvu ya kutuliza maumivu, hutazamwa kwa jicho la shaka, kwa sababu mji wetu umekwisha kuumizwa na unga na kila familia ina hofu yake. Hofu hiyo twaielewa. Lakini kumtuhumu mgonjwa bila ya dalili ni dhana mbaya, na dhana mbaya imeharimishwa katika Suratul Hujurat. Mwisho wake kijana hujifunza kunyamaza. Wakimwita hushika simu na kusema ana kazi, kwani udhuru wa kazi waaminiwa na udhuru wa maumivu hauaminiwi.

Kuna sababu ya pili, nayo twaiona ni kubwa kuliko hiyo ya kwanza, wala hatujaona ikisemwa mimbarini. Watu wetu wameigeuza haki ikawa deni. Angalia mambo ya arusi na msiba, na hasa kwa upande wa mama zetu. Aliyekuja kwangu nitakwenda kwake; aliyetuza kwangu nitamtuza; asiyekuja, basi. Hesabu hiyo hutunzwa kichwani, na wapo waiandikao katika daftari. Kwa mzima ni desturi ya kupendeza, maana ndiyo iliyowafunga watu wa mitaa hii pamoja tangu zamani. Lakini mwanamke mwenye baridi yabisi, asiyeweza kushika mbuzi akakuna nazi, wala kukaa mkekani mpaka usiku wa manane, wala kushuka ngazi za mbao zilizosimama wima, atalipa kwa kitu gani? Mwaka wa kwanza husamehewa. Kisha jina lake huanza kusahauliwa wakati wa kualika: “Fulani? Hatakuja huyo.” Na kweli asingekuja. Lakini alikuwa na haki ya kuitwa.

Mtume S.A.W. amelikata jambo hili kwa maneno yaliyo wazi katika hadithi ya Abdullah bin Amr R.A. katika Bukhari. Ameeleza kwamba mwenye kuunga udugu si yule anayelipa alichofanyiwa, bali ni yule ambaye udugu wake ukikatwa yeye huuunga. Wanavyuoni wetu huisomesha hadithi hii katika habari ya ndugu waliogombana. Sisi twaona yamhusu zaidi mgonjwa wa miaka mingi, kwani huyo hakukata udugu kwa kutaka, bali umemkatikia mikononi naye hana nguvu ya kuushika.

Na habari hizi si za leo. Nabii Ayyub A.S. ametajwa katika Suratul Anbiyaa na Suratu Swad, nayo ni mashuhuri. Lakini watu wetu wengi hawamjui Ayyub wa Qur'ani, wanamjua Ayyub wa visa: wa mabuu mwilini na kutupwa jaani. Visa hivyo ni katika maneno ya Bani Israili yasiyokuwa na sanadi ya kutegemewa, na havilingani na heshima ya Mitume. Ilivyo katika hadithi ya Anas bin Malik R.A., aliyoitoa Ibn Hibban na ikasahihishwa na baadhi ya maimamu wa hadithi, ni hivi: Ayyub alikaa katika balaa yake miaka 18, wakamkimbia wa karibu na wa mbali, isipokuwa watu wawili katika ndugu zake waliokuwa wakimjia asubuhi na jioni. Siku moja mmoja wao akamwambia mwenziwe kwamba Ayyub hapana budi ametenda dhambi ambayo hakuna mtu aliyeitenda, kwa vile Mola wake hakumuondolea balaa kwa miaka yote hiyo. Yule wa pili hakuweza kuvumilia, akamfikishia Ayyub maneno hayo. Akamjibu kwamba hajui linalosemwa, ila Mwenyezi Mungu ajua kwamba yeye alikuwa akiwapita watu wakigombana na kulitaja jina la Mungu, akarudi nyumbani akawatolea kafara kwa kuchelea lisije likatajwa pasipo haki.

Tazama, ndugu msomaji. Miaka 18 ya ugonjwa, na neno linalosimuliwa kuwa lilimfikia ni la mtu aliyekuwa akija kumtazama kila siku. Huyo hakuwa adui. Alikuwa bora kuliko wote waliokimbia! Basi ulimi wa mwenye kuzuru ni sehemu ya ziara yake. Wapo kwetu wanaopanda ngazi kwa nia njema, kisha wakaketi kitako wakauliza: “Umemkosea nani wewe?” Au: “Hayo yako si ya hospitali, umefanyiwa.” Au husimulia habari za fulani aliyekuwa na maumivu kama hayo hayo, na mwisho wake alikufa. Na nyuma ya hayo huja mwenye hirizi, mwenye kombe na mwenye kutaka ngoma ya kupunga pepo, na kila mmoja ana bei yake. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na dua zilizopokewa ni jambo jema lililothubutu. Na kutafuta dawa kumeamrishwa vilevile. Ama kumtoza mtu fedha kwa maumivu yake kwa jina la majini, huo ni unyang'anyi uliovishwa kanzu, na hao wenye kazi hiyo wamekwisha kula vidani vya dhahabu vya wanawake wengi wa mji huu.

Katika Suratun Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu amewaondolea uzito kipofu, kiguru na mgonjwa, na aya hiyo yazungumza juu ya kula katika nyumba za jamaa na marafiki. Wafasiri wametaja zaidi ya sababu moja ya kuteremka kwake. Mojawapo, aliyoinakili Ibn Kathir, ni kwamba watu walikuwa wakiona vibaya kula pamoja na watu hawa: kipofu haoni kipande kizuri, kiguru hawezi kukaa vizuri katika duara, na mgonjwa hali kwa kasi ya wenziwe. Waliogopa kuwadhulumu, wakawatenga kwa adabu. Hii ndiyo hali yetu hasa! Watu wetu hawamfukuzi mgonjwa. Humuonea huruma, wakasema, “Tusimsumbue,” wakafunga mlango polepole. Qur'ani imeufungua mlango huo na kumrudisha sahanini.

Kisha iko habari ya Itban bin Malik R.A., katika Bukhari na Muslim. Alikuwa akiwasalisha watu wake, macho yakamdhoofika, na mvua ikinyesha bonde lilijaa maji asiweze kufika msikitini. Akamuomba Mtume S.A.W. aje asali nyumbani kwake, mahali atakapopafanya pa kusalia. Mtume hakumwambia kwamba ana udhuru basi akae. Alikwenda, pamoja na Abu Bakar R.A., jua lilipopanda; na kabla hajaketi aliuliza ni wapi anapopenda pasaliwe. Wakasali rakaa mbili jamaa, wakazuiliwa wale chakula, na watu wa mtaa waliposikia wakaja hata nyumba ikajaa. Asiyeweza kuuendea mkusanyiko, mkusanyiko ulimuendea yeye.

Na katika mkusanyiko ule ule pana jambo ambalo wengi hulipita. Mmoja aliuliza yuko wapi Malik bin Dukhshum, maana hakuonekana. Mwingine akasema huyo ni mnafiki. Mtume S.A.W. akamkataza, akamshuhudia Malik kwa shahada yake aliyoitamka kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu. Hivyo ndivyo zilivyo baraza za watu tangu hapo: asiyekuja hutafutiwa aibu. Wangapi wamesemwa kwetu kuwa wana kiburi, au wamehama msikiti, kumbe ni nyonga?

Huenda ukasema, kama wengi wasemavyo, kwamba wewe moyo wako mwepesi, huwezi kumuona mpenzi wako akiteseka. Neno hili lilisemwa Basra katika karne ya kwanza ya Hijra. Sahaba Imran bin Husain R.A., ambaye ndiye aliyemuuliza Mtume S.A.W. juu ya sala ya mwenye bawasiri akaambiwa asali kwa kusimama, na asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu, alipatwa na ugonjwa wa tumbo uliomlaza, kama ilivyopokewa na Ibn Saad, kwa miaka 30. Mutarrif bin Abdillah alimwambia kwamba linalomzuia kuja kumzuru ni ile hali anayomuona nayo. Imran akamtaka asifanye hivyo, akamueleza kwamba analolipenda Mola wake ndilo alipendalo yeye. Na kutoka kitandani pale hakuacha kusomesha: Mutarrif mwenyewe ni miongoni mwa waliopokea hadithi kwake, na nyingine alimpa wakati wa maradhi yaliyomuua. Aliyedhaniwa kuwa wa kuhurumiwa ndiye aliyekuwa akitoa.

Hapa tuseme na mgonjwa mwenyewe, kwani naye ana wajibu wake, ingawa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wako wagonjwa wanaodhani kwamba kusema “naumwa” kwaondoa ujira wa subira. Hujibu “alhamdulillahi, sijambo” kwa kila mtu mpaka watu wakaamini. Ayyub alimwambia Mola wake kwamba amepatwa na dhara, na Mola huyo huyo akamsifu kwa subira. Bi Aisha R.A. alilalamika kwa kichwa, na Mtume S.A.W. akamjibu kwamba na yeye kichwa chauma. Na Imam Bukhari ameweka mlango mzima katika kitabu chake juu ya ruhusa ya mgonjwa kusema maumivu yake. Kinachokatazwa ni kumlaumu Mwenyezi Mungu, si kumpa ndugu habari. Kwa hivyo waambie angalau wawili unaowaamini hali yako ilivyo. Waambie na saa zako. Mwenye baridi yabisi ya viungo huwa mgumu zaidi asubuhi. Aseme basi, “Njooni baada ya Alasiri,” kuliko kuwapokea saa tatu kwa uso uliokunjamana wakadhani wamechukiwa. Na usiyakatae yote kwa kuwa huwezi yote. Ukialikwa arusi, nenda kwa nusu saa, uondoke.

Na wazima nao wamrahisishie. Baraza zetu ni za mawe na ni chini. Mwenye mgongo hawezi kuzikalia wala kuinuka kwazo. Wekeni kiti chenye egemeo hapo kando, na mto, wala asichekwe kwamba amekuwa bwana mkubwa. Mtembezeni mpaka pembe ya njia na kurudi. Matabibu wasema kulala siku nzima hudhoofisha misuli na kuzidisha maumivu, basi mwendo huo mfupi una faida mbili. Asipoweza kushuka, pandisheni dele la kahawa juu. Arusini muwekeeni mama kiti karibu na mlango, na akitoka mapema asiulizwe. Na asiyeweza kuja kabisa aalikwe vilevile, na kesho yake aende mtu na sahani ya chakula na habari zote: nani aliimba, nani alivaa nini, nani alimnunia nani. (Masengenyo hatuyaruhusu, lakini arusi bila ya habari si arusi.)

Ama ujumbe wa dua unaopelekwa kwa simu kwa watu 200 kwa kidole kimoja, ni jambo jema kwa mahali pake, lakini si ziara. Simu ya sauti, ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, ni bora zaidi, hasa kwa jamaa walio Lamu, Jidda au London. Aliye Kibokoni hana udhuru wa simu kwa mgonjwa wa Kibokoni.

Wala hatutaki mtaa mzima. Ayyub alikuwa na wawili. Kundi kubwa linalokuja mara moja kwa mwaka, likajaa chumba na kumaliza hewa, halifikii wawili wasiochoka. Katika darasa letu tumeafikiana kwamba kila msikiti ujue majina ya watu wake walioacha kuonekana, na kwamba kila mmoja wao apate watu wawili wenye siku yao maalumu, baada ya Alasiri. Na wanawake wapangiane vivyo hivyo kwa wanawake. Mwenye elimu apelekewe watoto awasomeshe. Mwenye kujua kudarizi kofia aletewe anayetaka kujifunza. Mtu huulizwa shauri, hapelekewi pole tu.

Limebaki suala tulilouulizwa juu ya sala ya Ijumaa: je, aliye ghorofani aweza kumfuata imamu kwa kipaza sauti au redio? Jawabu la wanavyuoni wengi ni kwamba haifai kumfuata imamu kwa sauti ya redio, na mgonjwa asiyeweza kuhudhuria ataisali Adhuhuri rakaa nne. Lakini katika Minhaj ya Imam Nawawi imeelezwa kwamba wenye udhuru ni sunna kuisali Adhuhuri hiyo jamaa, na ikiwa udhuru wao ni wa ndani, usioonekana kwa macho, waifanye kwa siri, ili wasije wakatuhumiwa kuwa wameidharau Ijumaa. Wanavyuoni hao wa kale walijua kwamba kuna udhuru usioonekana, na walijua ndimi za watu. Basi wagonjwa wawili au watatu wa nyumba moja, au za kuelekeana, wakutane Ijumaa wasali pamoja, na wale waliotoka msikitini wapande baadaye wawaeleze hotuba ilihusu nini.